Nusu maisha yake ni siku nane

Mama aliacha kukuna nazi.

Hilo ndilo ninalolikumbuka kabla ya jingine lolote. Ilikuwa jioni, Mikindani, tumekaa uani, simu yangu nimeiegemeza kwenye kinu na spika nimeifungua ili kila mtu asikie. Binamu yangu alikuwa kwake Mbagala, Dar es Salaam. Mamdogo, mdogo wake Mama aliyekwenda huko kutibiwa, alikuwa chumba cha pili kwa binamu, mlango umefungwa. Muda wote binamu alipokuwa akieleza, mbuzi ya Mama ilikuwa inaendelea chini kwa chini, kwaru, kwaru, kwaru.

"Dawa kainywa salama," akasema. "Kaambiwa akae peke yake, watoto wasimsogelee. Halafu daktari kasema nusu maisha yake ni siku nane."

Kwaru ikakatika.

Mama akabaki ameshika kifuu, kidole gumba ndani ya nazi. Akauliza polepole, kama mtu anayehesabu chenji: "Nusu maisha yake siku nane. Sasa kabakiza siku nane, au kumi na sita?"

Na mtandao, kama ilivyo desturi yake, ukaondoka hapo hapo.

Ulirudi baada ya Isha. Saa zote hizo zilitosha. Shangazi alikuwa ameshampigia mjomba Newala, na mjomba, ambaye alikuwa na magunia mawili ya korosho akisubiri mnada, aliyauza usiku ule ule kwa kangomba, wale walanguzi wa bei ya kutupa, ili apate nauli ya kuja kumzika dada yake.

Magunia mawili. Kwa sababu ya neno moja.

Mamdogo mzima, na nalisema mapema ili mtu asisome huku roho juu. Lakini jambo lile limenikaa kichwani wiki kadhaa sasa, nikienda kazini, nikirudi, nikiwa kwenye daladala ya Mtwara mjini nimebanwa na ndoo ya dagaa ya mtu. Kila nikidhani nimelimaliza, linarudi na swali jingine.

Sekunde tatu zangu

Nianze na aibu yangu mwenyewe.

Mimi ndiye "aliyesoma" pale uani. Fizikia niliifanya mpaka kidato cha nne na nikafaulu. Hafulaifu (half-life, ndiyo hiyo nusu maisha) tuliifundishwa, tukachora ule mstari unaoshuka kama mteremko wa kutoka Newala, tukakariri maana yake kwa Kiingereza neno kwa neno, na kwenye mtihani nikaimwaga yote nikapata alama zangu.

Lakini neno lilipokuja kwa Kiswahili, uani kwetu, kwa sauti ya binamu yangu, sikulitambua.

Kwa sekunde tatu hivi nilimwona Mamdogo kwenye jeneza. Nilishaanza kufikiria nani aende kumpokea stendi. Ndipo kitu fulani kikaamka nyuma kabisa ya kichwa, kikasema: siku nane... iodini... aa.

"Mama, siyo yeye," nikasema. "Ni dawa. Nusu maisha ya dawa."

Mama akanitazama kwa macho yale anayomtazamia muuza samaki anayeapa kwamba changu ni wa leo.

"Dawa ina maisha?"

Sikuwa na jibu. Nikasema "Ndiyo, kisayansi," jibu ambalo mtu hulitoa akiwa hana jibu.

Yake ya nani

Tuiangalie ile sentensi kwanza, maana nimeigeuza kama mtu anayetafuta mwiba kwenye samaki.

*Nusu maisha yake ni siku nane.*

Hakuna kosa la sarufi. Mwalimu angeweka vema. Shida iko kwenye "yake". Maisha ya dawa ni maisha yake. Maisha ya Mamdogo nayo ni maisha yake. Kiswahili, ambacho kwenye mambo mengine hakikubali kabisa kumchanganya mtu na kitu (mtu anaanguka, dawa inaanguka), kwenye kumiliki kinawaweka wote sahani moja. Na msikilizaji akisikia "maisha yake" kwenye simu inayohusu mgonjwa, hatafuti dawa. Anamtafuta mgonjwa.

Halafu "maisha" lenyewe. Kwetu kitu kikiwa na maisha, kitakufa. Na nusu ya maisha ina nusu nyingine. Ndiyo maana hesabu ya Mama ya kumi na sita haikuwa ya kijinga hata kidogo. Ukiambiwa nusu ya safari ni kilomita mia tatu, unajua safari nzima ni mia sita. Aliyeambiwa nusu ya kitu amekwisha kuambiwa kitu kizima.

Isipokuwa hapa.

Alichokunywa

Mamdogo alikuwa na rovu, uvimbe wa tezi ya shingoni. Siyo lile la kuning'inia tu. Lake lilikuwa linafanya kazi kupita kiasi. Moyo unamwenda mbio amekaa kitako, mikono inatetemeka mpaka chai inamwagika, mwili unakonda huku anakula kuliko sisi wote. Akatibiwa kwa vidonge kwa muda, vikashindwa, ndipo wakamwandikia iodini yenye mionzi.

Iodini ni ile ile ya chumvi. Madini joto. Sisi wa kusini, ambao chumvi tunaivuna wenyewe kwenye mabwawa, tumehubiriwa madini joto miaka na miaka. Siku kadhaa kabla ya dawa akazuiwa chumvi ya madini joto na samaki wote wa baharini, ili tezi ishikwe na njaa ya iodini. Mtu wa Mikindani bila samaki! Alikula ming'oko na kisamvu akinung'unika kama mfungwa.

Tezi ikishikwa na njaa, ikiletewa iodini haiulizi imetoka wapi. Inaimeza kwa pupa. Haiwezi kujua kwamba hii ya leo ni iodini-131: protoni 53 kama iodini nyingine yoyote, ila nutroni 78, nne zaidi ya zile 74 za iodini ya chumvini. Mzigo huo haujatulia. Wakati wowote nutroni moja hugeuka protoni na kurusha elektroni nje, na palipokuwa na iodini pakabaki xenoni, gesi tulivu isiyomgombeza mtu. Elektroni ile haiendi mbali ndani ya nyama, milimita moja au mbili tu, lakini njiani inaziua chembe za tezi. Hiyo ndiyo tiba. Pamoja nayo hutoka miali ya gama, ambayo inapenya ngozi na kwenda zake, na hiyo ndiyo sababu ya mlango kufungwa na wajukuu kuchungulia kutoka ukumbini.

Dawa yenyewe, tukiitoa maji na makasha yake, haifiki hata sehemu moja ya milioni ya gramu.

Korosho sitini na nne

Mjomba alifika kesho yake jioni, vumbi mpaka kwenye nyusi, akatukuta tunakula. Nadhani kilichomuudhi zaidi ni kwamba tulikuwa tunacheka.

Tukamweleza. Akasikiliza. Kisha akasema, na mimi nikatambua kwamba mjomba wangu ni mwanahesabu aliyepotelea shambani: "Sawa, ni dawa. Siku nane inaisha nusu. Siku nane nyingine inaisha nusu iliyobaki. Siku ya kumi na sita nampelekea wajukuu wakalale naye."

"Hapana, mjomba. Siku ya kumi na sita inabaki robo."

"Robo imetoka wapi? Nusu na nusu ni nzima."

Nikachukua ungo. Korosho kwetu hazikosekani. Nikahesabu 64, zilizobanguliwa. Nikampa mtoto wa dada sarafu ya mia mbili, upande mmoja Karume, upande mwingine simba. Nikasema: kila korosho tunairushia sarafu. Ikija Karume, inabaki. Ikija simba, inaliwa. Tukizimaliza zote mara moja, hizo ni siku nane.

Ilichukua muda kuliko nilivyodhani. Kurusha sarafu mara 64 siyo mchezo, na watoto walikuwa wanamwombea simba kwa sauti.

Raundi ya kwanza zikabaki 35. Nilitarajia 32, nikaanza kujitetea, mjomba akaniambia nitulie. Ya pili, 17. Ya tatu, 9. Mjomba akaacha kula.

"Kumbe kila mara nusu ya kilichopo," akasema. "Siyo nusu ya kile cha mwanzo."

Ndicho hasa. Siku ya 8 nusu, siku ya 16 robo, siku ya 24 thumuni. Ukifika siku 80 umebakiza takriban moja katika elfu. Haiishi siku fulani. Inafifia tu mpaka haina maana tena. Na mwilini kuna mlango wa pili: iodini isiyoshikwa na tezi inatoka kwa mkojo, nyingi ndani ya siku mbili za mwanzo, ndiyo maana Mamdogo aliambiwa anywe maji mengi na choo akivute mara mbili. Milango miwili ikitoa kwa pamoja, mwili unakwisha dawa upesi kuliko hesabu ya atomu peke yake. Kama mwili nao ungekuwa unatoa nusu kila siku nane, vyote viwili pamoja vingepunguza nusu kwa siku nne.

Lakini lililonipindua siku ile halikuwa hesabu. Lilikuwa korosho moja.

Ilikuwa na alama nyeusi ya moto ubavuni, kwa hiyo tuliitambua. Raundi ya tano, imebaki. Ya sita, imebaki. Watoto wakaanza kuishangilia. Mama, ambaye alikuwa amejifanya hatazami, akasema: "Hiyo imezeeka sasa. Raundi hii inakwenda."

Nikafungua mdomo nikubali. Nikaufunga.

Kwa sababu haikuzeeka. Sarafu haijui kwamba korosho hii imepona mara sita. Nafasi yake ya kubaki raundi ya saba ni ile ile iliyokuwa nayo raundi ya kwanza, wala haikupungua. Ndivyo ilivyo kwa atomu ya iodini. Iliyotengenezwa asubuhi ya leo kwenye tanuri la nyuklia na iliyokaa mwezi mzima ni sawasawa. Huwezi kuzitofautisha kwa kipimo chochote, na ukingoja siku nane kila moja ina nafasi nusu kwa nusu. Mzee na mtoto mchanga, hatari moja.

Nikawaambia hivyo. Pakawa kimya.

Mama akachukua mbuzi yake akainuka. "Basi hayo siyo maisha," akasema. "Maisha yanachakaa."

Walikata neno

Kauli ile ndiyo iliyoniingiza kwenye kusoma usiku, jambo ambalo mke wangu analilipia kwa mwanga wa simu usoni.

Wa kwanza kukutana na jambo hili na kulieleza alikuwa Ernest Rutherford, mtu wa New Zealand, wakati huo akifundisha Chuo Kikuu cha McGill, Montreal. Mwaka 1900 alieleza habari za gesi inayotoka kwenye thoriamu: kila ikipita dakika moja hivi, nguvu yake inashuka nusu. Dakika nyingine, nusu ya hiyo nusu. Angeweza kungoja iishe apime maisha yake yote, lakini kitu cha namna hiyo hakina siku ya kuisha. Kinachopimika bila ubishi ni muda wa kufika nusu. Ilikuwa njia ya mtu mwenye akili ya kukwepa swali lisilo na jibu.

Na neno la Kiingereza, mwanzoni, halikuwa fupi kama lilivyo leo. Walikuwa wakisema "kipindi cha nusu maisha". Miaka ilipopita, kwa uvivu ule ule unaotufanya sisi tuseme Mamdogo badala ya mama mdogo, wakakidondosha "kipindi". Sisi tukalitafsiri likiwa limeshakatwa. Tukarithi nusu na maisha, na kile kipande kilichokuwa kinasema *huu ni muda wa kupima* hatukukiona kabisa.

Wajerumani wao hawakutia uhai humo. Neno lao, likifasiriwa, ni "muda wa nusu thamani". Kavu, la kikarani, halitishi mtu.

Lakini lililonikalisha kitandani wima ni la Kiarabu. *Umru an-nisf*. Umri wa nusu. Maneno yote mawili tunayo! Umri ni wetu, nusu ni yetu, tunayatumia kutwa. Na yameshika mpangilio ulio sahihi: siyo nusu ya umri, ni umri *wa* nusu. Muda ambao nusu inao. Ningeyapeleka yale mawili tu uani siku ile, "umri wa nusu yake", labda mjomba angebaki na magunia yake.

Labda. Saa nane usiku kila neno linaonekana limepona.

Nilijaribu mengine. Vitabuni nimeona "nusumaisha" limeunganishwa, na lina faida moja: likiwa neno moja, halikatiki katikati. "Nusu uhai" ni baya zaidi. Linasikika kama mtu aliyezimia. "Kipindi nusu" ni cha mpira. Nikabuni langu mwenyewe, "kifikanusu", nikalipenda kwa dakika tano, nikamwambia mke wangu, akaniuliza kama hiyo ni dawa ya minyoo.

Na hata ukiacha jina, hesabu nayo inalikana. Nusu maisha ya iodini-131 ni siku 8. Ungesema basi maisha yake mazima, kwa wastani, ni 16. Siyo. Ukichukua atomu zote, za haraka na za kuchelewa, ukatafuta wastani wa muda inaokaa moja kabla ya kugeuka, unapata kama siku 11 na nusu. Nusu maisha siyo nusu ya maisha. Neno linasema uongo mara mbili na bado ndilo linalotumika dunia nzima, mahospitalini na kwenye mitambo, bila ndege kuanguka.

Mjomba na urani

Mjomba alikaa nasi siku nne. Nauli ya kurudi ilibidi tuichange. Jioni moja akaleta la kwake. Huko barabarani, mtu alimwambia habari za urani, madini yenye mionzi, ya Mto Mkuju, Namtumbo, na kwamba siku ikianza kusafirishwa huenda ikapita njia ya Mtwara kwenda bandarini. "Hiyo nayo umri wake wa nusu ni siku ngapi?" (Nilifurahi kimoyomoyo: ameshalichukua neno langu.)

"Miaka bilioni nne na nusu, mjomba."

Akashika kichwa. Kama siku nane zimemfungia Mamdogo chumbani, bilioni nne na nusu zitatufanyaje?

Hapo ndipo watu wengi tunapoteleza, na mimi niliteleza kwa miaka. Tunasikia muda mrefu tunasikia hatari kubwa. Lakini muda mrefu maana yake ni uvivu. Atomu zisizo na haraka zinatoa mionzi kidogo kila sekunde. Gramu moja ya urani-238 inapoteza atomu kama 12,000 kwa sekunde. Gramu moja ya iodini-131 ingepoteza zaidi ya 4,000,000,000,000,000. Ile yenye maisha mafupi ndiyo kali, na ndiyo inayokwisha mapema. Ile ndefu ni pole, na haikwishi. Nusu ya urani-238 iliyokuwapo dunia ilipoumbwa bado ipo ardhini.

Sikumwambia kwamba urani ni unga wa sembe. Ikiingia mwilini ni sumu ya figo kwa kemia yake tu, hata tukisahau mionzi, na vumbi la mgodini lina watoto wake, radiamu na radoni, ambao siyo wapole kama mama yao. Nilimwambia tu kwamba namba kubwa siyo lazima iwe hatari kubwa. Alikubali nusu.

Akageukia mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria, maana mtu wa kusini akiambiwa miaka mingi lazima amkumbuke mjusi wetu aliyeko Berlin. Nikamwambia yule ana kama miaka milioni 150, na ile kaboni inayotumika kupima mkaa wa magofu ya kale haiwezi kumfikia; umri wake wa nusu ni miaka 5,730, na ikifika miaka elfu hamsini haijabaki ya kupimika. Kila saa ina urefu wake wa kamba. Mjomba akasema wangeturudishia kwanza, tupime wenyewe.

Mamdogo karudi

Alirudi wiki kadhaa baadaye, na basi la alfajiri, amenenepa mashavu. Mikono haitetemeki. Kitu cha kwanza aliomba ni pweza.

Tukampigia stori nzima, na kangomba, na mbuzi ya Mama kunyamaza. Alicheka mpaka akajifuta kwa kanga. Kisha nikamuuliza swali lililokuwa limenikaa muda wote: yeye mwenyewe, kule ndani, alipoambiwa nusu maisha, hakuogopa?

"Nusu maisha gani?"

"Daktari hakusema nusu maisha yako... ya dawa... ni siku nane?"

"Hakusema hivyo. Yule binti wa dirishani aliniambia: mama, hii inapungua nusu kila siku nane. Basi. Nikaelewa, kama maji ya mtungi."

Binamu, aliyekuwa ameshika mizigo, akaangalia kwingine. Kumbe "nusu maisha" alilisoma kwenye karatasi aliyopewa, akaona "inapungua nusu" halina uzito wa kumpigia Mama, akachagua la kitaalamu.

Nilikaa pale barazani nikijisikia mjinga kwa namna ya pekee. Wiki zote zile nimetafuta jina, nimevuka mpaka Montreal na Uarabuni, na jambo lenyewe lilikuwa limeshasemwa dirishani kwa kitenzi, na mtu ambaye simfahamu, kwa sekunde nne. *Inapungua.* Siyo umri, siyo uhai, siyo thamani. Inapungua, na kila siku nane inapungua nusu. Hata ile "yake" haina pa kukaa.

Sijui kwa nini sikuwahi kulifikiria. Shule ilitufundisha kwamba sayansi ni majina, ukilikariri jina umekipata kitu. Bado nalitaka jina langu, lakini. Nikiandika nitahitaji kusema "umri wa nusu wa iodini", siwezi kila mara kuvuta sentensi nzima. Kwa hiyo nimebaki na vyote viwili: jina la kwenye karatasi, na kitenzi cha uani.

Mama aliagiza ungo uletwe. Alitaka dada yake auone mchezo, na sarafu ilitoka, na watoto wakajipanga. Safari hii simba alikuwa na njaa. Raundi nne tu zikabaki mbili, ya tano ikabaki moja.

Mamdogo akaichukua ile moja, akaiweka kiganjani.

"Na hii? Hii huwezi kuikata nusu."

"Huwezi, Mamdogo. Ikibaki moja, siku nane haziahidi kitu. Inaweza kwenda sasa hivi, inaweza kukaa mwaka."

"Kwa hiyo ndani yangu kunaweza kuwa na moja kama hii."

"Siku moja itafika hivyo. Haitakudhuru."

Aliitazama kidogo, akaigeuza. Mtoto wa dada alikuwa ameshashika sarafu, anangoja aambiwe arushe. Mamdogo akakunjua pindo la kanga, akaitia korosho mle pamoja na hela zake za nauli, akafunga fundo.

"Pweza yuko wapi?" akauliza.

Jikoni, kwaru ilikuwa imeshaanza.